Namba za Heshima

Nilichaguliwa kuingia kwenye utafiti kwa sababu ya mwandiko. Mganga mfawidhi wa kituo chetu cha afya hapa Tunduma alilisema hilo kwenye kikao cha asubuhi, mbele ya watu wote: watafiti wanataka mtumishi mmoja wa kuwakusanyia takwimu, na daktari pekee ambaye maandishi yake yanasomeka bila kumwita mfamasia ni mimi. Mtu mwingine angeona haya. Mimi nilisimama, nikainama kidogo kama mtu aliyekabidhiwa kombe. Kwa usahihi mimi si daktari, ni afisa tabibu, lakini mjini kwetu kila anayevaa koti jeupe na kuchelewa kazini huitwa daktari, na sijawahi kumsahihisha mtu.

Utafiti wenyewe ulikuwa na sehemu mbili. Ya kwanza ilihusu wagonjwa wa presha ya kupanda: wale tuliowaanzishia dawa wanaendeleaje baada ya miezi kadhaa, nani bado anameza, nani ameacha, nani yuko kitandani na nusu ya mwili haifanyi kazi. Ya pili ilituhusu sisi tunaowatibu. Mtafiti mkuu, daktari wa kike, kijana, mwenye sauti ya chini, alitueleza kwamba watumishi wa afya hupima kila mtu isipokuwa wao wenyewe. Tulicheka, halafu tukaenda kunywa supu.

Nilipewa begi la mgongoni, mashine mpya ya presha inayotumia betri, rundo la madodoso na kitambulisho cha kuning'iniza shingoni. Kitambulisho hicho nilikivaa kazini, nikakivaa sokoni, na Jumapili nikakivaa kanisani juu ya tai. Mke wangu akaniuliza kama Mungu naye anahitaji kuonyeshwa mimi ni nani. Nilimjibu kwamba watu wa utafiti hawana saa za kazi.

Kabla sijaendelea, lazima niseme siri moja ya kazi yetu. Tuna namba ambazo mimi huziita namba za heshima. Foleni ikitoka mlangoni ikafika getini, na malori yanayosubiri kuvuka mpaka yakipiga honi tangu alfajiri, hakuna mwenye muda wa kuhesabu pumzi za mtu kwa dakika nzima. Kwa hiyo pumzi huandikwa ishirini. Joto, kama mtu hatetemeki, huwa thelathini na sita na nusu. Presha ya mtu aliyeingia kwa miguu yake mwenyewe ni mia na ishirini kwa themanini, na aliyeiandika hajafikiri hata kidogo kwamba anadanganya. Anaona anamtakia mtu heri. Mimi binafsi nimewahi kumwandikia pumzi ishirini mgonjwa ambaye alikuwa hajafika bado, imetangulia kadi yake tu.

Sehemu ya watumishi ilianza wiki ya kwanza. Tulipangwa wawili wawili. Kila mmoja amketishe mwenzake kimya dakika tano, ampime mara tatu, aandike. Mwenzangu alikuwa muuguzi kiongozi wa wagonjwa wa nje, mama kutoka milima ya Ileje aliyebakiza miaka michache kustaafu. Kituo kizima kilimwita Sista. Mbele za watu aliniita Daktari, na tukiwa wawili aliniita mdogo wangu, nami nikamwita dada. Alikuwa mtu wa maneno machache, na miaka yote tuliyofanya kazi pamoja nilikuwa nimejiaminisha kwamba anayameza kwa sababu anastaajabia yangu.

Nikaketi. Akanifunga mkanda mkononi, mashine ikabana, ikaachia. Ikasoma mia na sabini na nane kwa mia na sita.

Nilimwambia mkanda umelegea. Akaukaza, akapima tena, ikapanda kidogo. Nikasema betri zitakuwa zimechoka, ilhali nilikuwa nimezifungua kwenye karatasi yake asubuhi ile kwa mikono yangu. Nikasema nimekunywa kahawa. Nikasema nimepanda ngazi, na kituo chetu hakina ngazi. Visingizio vyote nilivyosikia kwa wagonjwa miaka kumi na tisa vilinijia kwa mpangilio, na kila kimoja nilipokitoa niliona kina mantiki kabisa.

"Daktari," Sista akasema, "hii ni ya kuanza dawa leo."

"Nitaanza. Lakini hilo ni langu na wewe, si la fomu. Niandikie ile ya kawaida."

"Ya kawaida ipi?"

"Dada, unaijua. Mshika utafiti mwenyewe akionekana mgonjwa, wale watu watatuonaje?"

Alikaa na kalamu hewani. Niliogopa, na ninasema wazi kwamba niliogopa. Nilijua presha ya namna ile inamfanya nini mtu. Nimewapokea wengi mlangoni kwetu, mdomo umekwenda upande mmoja, mkono umening'inia, mke analia kwamba alikuwa anakula ugali tu, hakuwa na neno. Nilijua pia kwamba ninakula nyama ya nguruwe, kitimoto, mara tatu kwa wiki na kuiongezea chumvi mbichi kabla sijaionja. Lakini hofu yangu kubwa siku ile haikuwa kiharusi. Ilikuwa kuvuliwa kile kitambulisho.

Mwishowe akaandika mia na ishirini kwa themanini, mara tatu. Halafu akavua mkono mmoja wa sweta lake, akakunja mkono wa gauni mpaka juu ya kiwiko, akauweka mkono wake mezani.

Nami, kwa kuwa alikuwa amenitendea wema, nilitaka kumrudishia wema upesi. Nikamwambia, "Ah, wewe mzima, Sista. Nakuona tu." Nikachukua dodoso lake, nikajaza namba zile zile, na ili lionekane la kweli moja nikaiandika mia na kumi na nane. Nilijiona mjanja sana kwa ile kumi na nane. Mkono wake ulikaa pale mezani kidogo. Kisha akashusha gauni, akavaa sweta, akaenda kuita mgonjwa wa kwanza.

Dawa sikuanza. Nilijipa wiki moja ya kupunguza chumvi, wiki ikawa mwezi, na chumvi ilibaki pale pale. Ndipo Sista alipoanza kunitesa.

Kwanza ilikuwa supu. Mama lishe anayetuletea chai alikuwa ananijua: bakuli kubwa, mafuta yakielea, na limao. Siku moja akanitengea maharage ya kuchemsha, yasiyo na ladha ya kitu chochote. Nilipouliza, akasema Sista ameagiza. Kisha ratiba ya zamu ikabadilishwa, jina langu likaondolewa kwenye zamu za usiku mwezi mzima. Mgonjwa mzito akiletwa, Sista alimwita tabibu mwingine nikiwa nimesimama pale pale. Kila asubuhi aliniuliza, "Umeamkaje? Kichwa hakiumi?" kwa sauti ya mtu anayemwuliza mlevi.

Nilifanya uchunguzi wangu, nikapata jibu. Ilikuwa wivu. Huyu mama ameona nimepewa begi na madodoso, yeye mwenye uzoefu hakupewa, na sasa ananiondoa taratibu ili nafasi iwe wazi. Nilimweleza mke wangu kwa urefu. Yeye akauliza tu kama hayo maharage nimeyamaliza. Nikamwambia siyo hoja.

Ikaja awamu ya kuwafuata wagonjwa majumbani. Mmoja wao alikuwa mzee anayelima ufuta Msangano, kule bondeni, ambaye hakuonekana kliniki miezi miwili. Nilikwenda kwa pikipiki ya kituo, nimevaa kofia ngumu na kitambulisho kikipepea mabegani. Njia nzima nilikuwa ninaandaa hotuba. Nina hotuba nzuri sana ya chumvi. Wauguzi wanafunzi huiandika kwenye madaftari.

Nilimkuta mzee na mkewe uani wakipepeta ufuta. Wakanipa kigoda na maji. Nikatoa mashine, nikaiweka juu ya mkeka, nikamwomba mzee akunje shati.

"Kabla ya mimi, mwanangu daktari," akasema, "jipime wewe kwanza."

"Mimi si mgonjwa, mzee."

"Sijasema u mgonjwa. Ila hapa kwetu mwenye pombe huionja kwanza mbele ya mgeni, ndipo anampa. Wewe umekuja na kitu chako. Kionje, tukione kinafanya kazi."

Mkewe akaacha kupepeta. Majirani wawili waliokuwa wanapita wakasimama. Nikamweleza kwamba mashine ya utafiti imesajiliwa kwa wagonjwa tu, ikimpima mtu mwingine inavuruga takwimu. Sijui nilipata wapi jambo hilo, lakini nililisema kwa uso mkavu hata mimi nikaanza kuliamini. Mzee akanitazama, akamtazama mkewe, akakunja shati.

Presha yake ilikuwa nzuri kuliko ya vijana wengi. Kliniki aliacha kuja kwa sababu ya mavuno, lakini dawa alikuwa anazipata zahanati ya karibu, na mkewe humpa kila redio inapoanza taarifa ya habari ya jioni. Chumvi walipunguza tangu nilipowahubiria. "Ulisema inaua," mkewe akasema, "tukaogopa." Nikajaza dodoso. Hotuba yangu nzima ikabaki kifuani haina pa kwenda.

Nikiwa njiani kurudi, jua la bonde likiwa kali, barabara ikaanza kuyumba. Niliona magurudumu mawili ya mbele pale palipotakiwa kuwa na moja. Nikaegesha pikipiki kwenye majani, nikakaa chini, kisogo kinagonga. Wanawake wawili waliobeba magunia kichwani wakasimama, mmoja akanimwagia maji shingoni bila kuniomba ruhusa. Wakaniuliza mimi ni nani. Kitambulisho kilikuwa kimegeuka nyuma, mgongoni. Nikasema ni jua tu. Mmoja akasema labda ni presha, aende akaone daktari.

Niliporudi kazini kesho yake Sista akaniangalia usoni kwa muda mrefu. Akaniomba ufunguo wa pikipiki, akasema mganga mfawidhi ameuhitaji kwa shughuli ya chanjo. Nilijua hakuna shughuli ya chanjo. Nilimpa kwa hasira, nikamwambia kama anautaka utafiti auchukue wote. Akautia ufunguo mfukoni, akaenda wodini.

Miezi ikapita, takwimu zikapelekwa, na mtafiti mkuu akarudi kutupa matokeo ya awali. Tulikusanyika kwenye ukumbi wa kliniki ya watoto, kwenye yale mabenchi mafupi, magoti yakigusa kidevu. Akaanza na wagonjwa. Namba zao zilikuwa kila aina: waliopona, waliozidiwa, waliokufa. Alizisoma polepole, na wengi tulikuwa tunawajua kwa sura.

Kisha akafungua ukurasa wa watumishi.

"Nataka niwapongeze," akasema. "Nimefanya kazi mikoa mingi. Sijawahi kuona kituo ambacho kila mtu, kuanzia mlinzi mpaka mganga mfawidhi, ana presha ile ile."

Kumbe wote walikuwa wameandikiana. Nilidhani mimi na Sista ndio wenye siri, na kituo kizima kilikuwa kimetakiana heri siku hiyo hiyo. Mfamasia alijikuna. Mlinzi akasema yeye aliandikiwa akiwa lindoni, hakuona hata mashine. Mtafiti akasema kuna mmoja tu ambaye ana namba tofauti, mia na kumi na nane, na angependa kujua huyo alipimwaje. Nikatazama sakafu.

Akasema ukurasa ule hawezi kuutumia. Ametoa mashine yake mwenyewe, atatupima upya, mmoja mmoja, chumba cha pembeni. Watu wakapungua ukumbini ghafla. Huyu akakumbuka ana mjamzito chumba cha kujifungulia, yule akakumbuka friji ya chanjo. Mimi nilikuwa mshika madodoso, sikuwa na cha kukumbuka. Sista naye hakuondoka. Alikuwa ameshavua sweta.

Nilianza mimi. Ikasoma mia na themanini na nne kwa mia na kumi. Mtafiti aliuliza tu tangu lini. Nikamwambia ukweli, wote, hata zile ngazi zisizokuwepo. Ilikuwa aibu, lakini nilihisi kama nimevua kiatu kilichonibana mwaka mzima.

Akaja Sista. Mtafiti akampima, akambadilisha mkono, akapima tena. Akageuza mashine ili nisome mimi niandike. Mia mbili na nane kwa mia na kumi na nane.

Nikamwuliza, "Dada, hukujua?"

"Nilikuwa nahisi," akasema. "Usiku nasikia masikio yanavuma."

"Mashine zote hizi ziko mikononi mwako kila siku."

"Mama yangu presha ilimwangusha shambani, hakuamka. Niliogopa kusoma peke yangu. Nilitaka mtu mwingine asome, mimi niwe nimetazama dirishani." Akashusha mkono wa gauni. "Siku ile nilikuwa nimejiandaa."

Niliziandika zile namba kama zilivyo. Yeye akaendelea. Alisema alijuta kuniandikia uongo, akaona ili nisife kwa kalamu yake, anilinde kwa njia nyingine: supu, zamu, wagonjwa wazito, ufunguo. Alitegemea nitanuna tu na siku moja nitameza dawa ili aniachie. Nikakumbuka nilivyomweleza mke wangu habari za wivu, nikatamani ile sakafu ya kliniki ya watoto ifunguke.

Dawa nilianza siku hiyo, mbele yake, kwa maji ya bomba. Yeye ilibidi aende Mbeya, hospitali kubwa, na mganga mfawidhi alipouliza nani atamsindikiza nilisema mimi kabla hajamaliza kuuliza. Walimchukua damu na mkojo, wakampiga picha ya tumbo. Daktari wa huko alikuwa mpole. Alituambia figo zimeshaumia, si za kuokolewa zikarudi kama zamani, ila zinaweza kulindwa zisiharibike zaidi. Akauliza presha ilianza kuonekana lini, ajue imekaa mwilini muda gani. Sista akanitazama. Nikasema hatuna kumbukumbu.

Tulitoka, tukakaa kwenye benchi la korido tukisubiri dawa. Begi langu lilikuwa na fomu za marekebisho ambazo mtafiti alinikabidhi, moja kwa kila mtumishi: kipimo cha mwanzo kilikuwa ngapi hasa, na kwa nini kilichoandikwa hakikuwa sahihi. Baadhi ya wenzetu walikuwa wamepimwa kweli, majibu yakafichwa, na hao walizikumbuka namba zao vizuri sana. Za watu hao nilikuwa nimeshajaza. Nikatoa ya Sista, nikashika kalamu.

Akaegama kuiona. "Mdogo wangu, ungenipima siku ile, ingesoma ngapi?"

Nilitaka kumwambia labda ilikuwa bado ndogo, labda isingebadilisha kitu, maana ningeweza kulisema hilo kwa uso mkavu na huenda angeniamini.

"Sijui, dada."

"Basi andika hivyo."

Nikaandika: haijulikani. Mstari uliofuata uliuliza sababu. Nikaandika kwamba mpimwa alikuwa ameketi, yuko tayari, na mpimaji hakumpima. Chini yake kulikuwa na nafasi ya jina la mpimaji. Nikaandika majina yangu yote matatu, nikampa karatasi aisome.